Walionunua Mafuta Jumanne

Hasira zangu ziko karibu, na siku ile zilinifaa. Nilikuwa karani wa kuandikisha wagonjwa katika hospitali moja mjini Tanga, miaka ile bidhaa za mgawo wa foleni zilipoanza kuchanganyika na za ruksa, zilizouzwa kwa yeyote mwenye pesa. Alhamisi asubuhi akaletwa mtu wa tano aliyeungua katika siku mbili. Wote walieleza jambo moja: nimewasha koroboi, taa yangu ya kopo, ikalipuka. Daktari akasema huo ni uzembe wa wanawake. Nilimjibu vibaya, siyo siri, naye akaniambia nirudi kwenye daftari langu.

Basi nikarudi. Kwenye safu ya makazi, watano wote walikuwa wa barabara moja ya Ngamiani. Hospitali inapokea mji mzima, iweje moto uchague barabara moja? Mchana nikalifunga daftari ndani ya kanga, jambo lililokatazwa kabisa, nikaenda hadi duka la kaya la barabara ile. Duka hilo liliuzia mafuta ya taa, sukari na vinginevyo familia zilizoandikishwa kwake tu, kwa kadi, na kila mnunuzi aliandikwa jina lake, la baba na la babu, nyumba, siku na alichochukua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Alipoliona daftari la hospitali, mwenye duka akalisukumia la kwake chini ya kaunta. "Unataka nifungwe?"

"Nataka kusoma. Ukinikatalia, nitarudi na polisi."

Akalitoa. Tukayaweka yote mawili juu ya kaunta, mimi nasoma aliyeungua, yeye anamtafuta kwa kidole. Wa kwanza alinunua mafuta ya taa Jumanne. Wa pili, Jumanne. Mpaka wa tano, Jumanne. Walionunua Jumatatu, hata mmoja hakuwa kwenye daftari langu.

Jumanne, akasema, ndipo alipofungua pipa jipya. Mgawo ulichelewa, akanunua kwa dereva mmoja wa lori. Tulitoka nje tukamimina kidogo kwenye kifuniko, akasogeza njiti ya kiberiti. Moto uliruka kabla njiti haijagusa. Mafuta ya taa hayawaki namna ile. Yalikuwa yamechanganywa na petroli.

Wanunuzi wa Jumanne walikuwa kumi na wawili. Saba walikuwa bado hawajaungua, pengine kwa kuwa walikuwa wanamalizia mafuta ya zamani. Alasiri ilishapita, na Magharibi ikiingia kila nyumba inawasha taa. Mzee akafunga duka, akachukua majina matatu, mimi manne, na baiskeli yake akaniachia mimi.

Nyumba ya kwanza walinisikiliza. Ya pili vilevile. Ya tatu mama mmoja akanibishia: mafuta ameyasimamia foleni tangu alfajiri, leo nimwambie ayamwage? Sikuwa na muda wa kubembeleza mtu. Nilimnyang'anya chupa nikaimwaga mchangani, nikatukanwa mimi na ukoo wangu, nikapanda baiskeli.

Jina la nne lilikuwa la mwanamke. Barazani nikamkuta mjomba wake.

"Huyo hakai hapa," akasema. "Hapa ipo kadi yake tu. Duka la kwao halipati kitu."

Nilijiona mjinga. Nani Tanga nzima hakufanya hivyo? Mimi mwenyewe kadi yangu ilikuwa kwa dada yangu Chumbageni, na sikuwahi kulala huko hata siku moja. Daftari la duka lilisema mtu anachukulia wapi sukari, nami nikalisoma kama linasema analala wapi.

"Anakaa wapi, baba?"

"Mabawa. Juzi tu ametoka arobaini, ana kichanga."

"Mabawa sehemu gani?"

"Nyumba ya makuti, karibu na kisima. Ukiuliza utaonyeshwa."

Nilikanyaga baiskeli mpaka kandambili ikakatika, nikaendelea na mguu mmoja mtupu. Kisima cha kwanza hawakumjua. Wakanielekeza kisima kingine, na huko mtoto akaninyooshea kidole. Adhana ya Magharibi ilikuwa imeshamalizika, na dirishani kwa watu taa zilikuwa zinawaka moja moja. Kila niliyoiona niliilaani.

Mlangoni kwake palikuwa na watu. Jirani alikuwa amekibeba kichanga, kinalia, kizima, hakina hata alama. Mama yake alikuwa amekaa chini na mikono yote miwili imeungua mpaka viwikoni. Taa ilipolipuka alikuwa amempakata mtoto. Alimrusha kitandani, kisha ndipo akahangaika na moto.

Tulimpeleka hospitali kwa mkokoteni. Zamu yangu ilikuwa imekwisha, lakini karani wa jioni alinipisha, nikakaa nikafungua daftari. Nililiandika jina lake, la baba yake na la babu yake, bila kumwuliza.

"Dada, umenijulia wapi?"

Nilimwuliza anakolala, nikaandika Mabawa.