Msimchekeshe Baba

Mbwa ndiye aliyeanza. Alikuwa wa jirani yetu, mfugaji wa Kimaasai ambaye shamba lake lilianza pale nyumba zetu za mabati zilipoishia, nje kidogo ya Kitengela, miaka ya tisini. Ukimrushia mfupa alikuja mbio kwa furaha, kisha miguu ikamlegea, akalala kifudifudi macho wazi, mfupa ukiwa mbele ya pua yake. Baada ya muda mfupi aliinuka na kula kana kwamba hakuna lililotokea. Sisi watoto tulicheka hadi tukashika mbavu. Baba alimpenda sana mbwa yule na alimletea mabaki ya nyama kila akitoka kazini.

Kisha Baba akaanguka. Kusinzia kwake tulikuwa tumekuzoea. Alisinzia kijiko kikiwa mkononi, tukasema ni uchovu wa kazi ya mawe. Lakini Jumapili hiyo mchana alikuwa amesimama mlangoni, yu macho kabisa, akituigizia mhubiri aliyekimbizwa na bata mzinga. Kabla hajamaliza, taya lilimlegea, magoti yakakunjika, akateremka ukutani mpaka sakafuni. Tulidhani bado anaigiza, tukazidi kucheka. Ndipo nikayaona macho yake. Yalikuwa wazi, yananitazama, na yalijaa hofu.

Alipopata nguvu alisema, "Nilikuwa nawasikia wote." Maneno hayo yaliniogopesha kuliko kule kuanguka.

Kazi ya Baba ilikuwa machimboni. Alisimama ukingoni na mtaimbo, akibandua mawe yaliyoanguka chini kwa kishindo ambacho mpaka leo sikipendi. Na wanaume wa machimbo hutaniana kutwa, maana bila utani lile jua na lile vumbi lingewamaliza. Baba ndiye waliyemtania kuliko wote.

Mama aliamua kosa ni la mbwa. Alikuwa amekuja kutoka Ukambani, na tangu ahamie kati ya watu wa ng'ombe alikuwa amejifunza jambo moja akalishika kwa mikono miwili: ugonjwa huletwa na kupe. Basi kupe alikuwa ametoka kwa mbwa akampanda Baba. Mama aliomba dawa ya kuogeshea ng'ombe, akachovya nguo za Baba, blanketi lake, na sisi pia. Baba alikwenda kazini akinuka kama ng'ombe aliyetoka joshoni, wala hakulalamika. Alikuwa anaogopa kama sisi.

Alipoanguka tena, safari hii mbele ya wageni, Mama alinishika mkono tukaenda kwa jirani.

"Sopa," alitusalimia, akiwa amesimama kati ya ndama zake.

Mama hakuwa na muda wa salamu. "Baba watoto ameanguka tena. Hiyo mbwa yako imempatia ugonjwa. Itoe hapa."

"Mama, hii si mambo ya kupe," alijibu polepole. "Mama ya hii mbwa ilikuwa inaanguka hivi hivi. Iko kwa damu. Ndio maana watoto wake mimi siwekangi."

Kisha akaniangalia. Alikuwa mtu mwema na nina hakika hakukusudia. Lakini alichagua fahali kwa kukumbuka mama na bibi wa fahali huyo, na jicho lile nililijua. Ndilo alilowatazamia ndama zake, huyu abaki, huyu auzwe.

Mama alinivuta hadi nyumbani.

Tangu siku hiyo tuliishi kwa amri moja: msimchekeshe Baba. Machimboni nao walielewana hivyo. Msimamizi alimshusha chini, akawa anachonga mawe ameketi, na kila alipopanda ukingoni kufuata maji, utani ulikatika. Likizoni nilipowapelekea chakula nilisikia vicheko kwa mbali, kisha kimya. Nikajua Baba amepita hapo. Kimya hicho kilinitisha, lakini siku ambayo vicheko havikukatika niliogopa zaidi, nikidhani wamesahau kwamba Baba yuko ukingoni.

Nami nilikuwa na hofu yangu, ambayo sikumwambia mtu. Nilicheka mdomo ukiwa umefungwa, mkono mmoja umeshika meza au ukuta. Mtu akianza kichekesho, mimi niliyasikiliza magoti yangu. Shuleni walisema naringa. Laiti wangejua!

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilipata kazi Nairobi, nikampeleka Baba kwa daktari wa ubongo. Alitueleza kwamba kwa watu wa namna ya Baba ukuta kati ya kulala na kuwa macho ni dhaifu, na furaha ikija, ule ulegevu wa usingizi hupenya mchana.

"Hata mbwa wengine huzaliwa nao," alisema.

Nilimkumbuka mbwa wa jirani. Daktari akaendelea kwa utulivu: jeni inayohusika, chembe ya urithi, ilikuwa imegunduliwa kwa mbwa, na panya wanayo, na sisi tunayo, linalomweka mbwa macho ndilo linalomweka mtu macho. Nilimuuliza kama mtoto hurithi. Baba akageuka kunitazama.

"Kwa binadamu mara nyingi si kama kwa mbwa," daktari alisema. "Uwezekano ni mdogo. Lakini siwezi kukuambia haupo."

Tulirudi na vidonge. Kesho yake mchana Baba alitandika godoro kivulini nyuma ya nyumba, akaketi, akaniita.

"Niko chini tayari. Niambie kitu ya kuchekesha."

"Hapana, Baba."

"Miaka hii yote nikifika watu wananyamaza. Ni kama kila siku niko kwa matanga yangu mwenyewe. Niambie, mama."

Nikaketi karibu naye. Nikamkumbusha jinsi nesi kule kwa daktari alivyotoka na kuita mgonjwa wa usingizi, na katika benchi lile zima lililojaa wagonjwa wanaokoroma, yeye peke yake ndiye aliyekuwa macho.

Kichwa chake kilianguka begani pangu, kizito. Macho yalikuwa wazi, na pumzi yake ilikatika-katika kwa kicheko kilichokosa mdomo. Hapo kicheko changu nacho kikapanda. Hapakuwa na ukuta wa kushika. Nikafungua mdomo nikacheka kwa sauti, huku nikingoja kuona kama shingo yangu itasimama au italegea kama ya Baba.