Shoki za Mbele na Mkoba wa Mama Mkwe

Chuchumaa hapa karibu nami, mbele ya gurudumu, maana jambo hili halieleweki mtu akiwa amesimama. Unaona haya mabomba mawili yanayoshika gurudumu la mbele? Sisi huyaita shoki. Ndani ya kila moja mna springi ndefu na oili kidogo. Springi hubeba uzito. Oili huizuia isirukeruke. Ukitia oili nzito, pikipiki huacha kuinama unapofunga breki, lakini kila jiwe la barabarani hupanda hadi mifupani. Ukitia nyepesi, mawe hupungua makali, ila kwenye mteremko pua huzama na aliye nyuma huteleza hadi mgongoni mwako. Usiogope, si kazi ngumu. Mimi nilijifunza kwa kurudiarudia, na wewe utaweza.

Niliyekuwa nikimrekebishia ni mama mkwe wangu.

Kwetu Kisii, mwanamume na mama wa mkewe hawagusani. Hawapeani mkono, hawaketi kiti kimoja. Tunaita chinsoni, na ni heshima, si uadui. Nilikuwa nimeishika tangu nioe, wala haikuwahi kunisumbua, mpaka mama akaugua mgongo. Alikuwa amechuma chai huko Nyacheki tangu ujana wake, kwa hiyo tulidhani ni uzito wa kikapu cha majani. Alipopigwa picha hospitalini mjini, tukaambiwa ugonjwa umeingia ndani ya mifupa, na kwamba aletwe kila wiki. Njia ya kwake hupita katikati ya mashamba ya chai, na mvua ikinyesha gari halishuki huko. Vijana wa bodaboda nao wana haraka. Mke wangu ni mwalimu, na ruhusa zake zilikuwa zimekwisha.

"Utambeba wewe," akaniambia jikoni, nyumbani kwetu Kiogoro.

"Mama yako? Nyuma yangu?"

"Kwani kuna mwingine mwenye pikipiki humu ndani?"

Mama alikubali kwa namna yake. Aliketi mwisho kabisa wa kiti, akashika chuma cha nyuma, na kati yetu akausimamisha mkoba wake mweusi wa kanisani. Mkoba ukawa ukuta. Kwenye mteremko wa kwanza nilifunga breki, pua ikazama, na ule mkoba ukabanwa katikati yetu mpaka nikasikia pumzi yake shingoni. Tulipofika tambarare akajivuta nyuma.

"Mkwe wangu," akasema, "hii pikipiki inapiga magoti kila ikiona mteremko. Imeokoka?"

Jumamosi nilitia kreti ya soda chini ya injini, gurudumu la mbele likaning'inia, nikafungua bolti za juu za shoki. Nikabadilisha oili, nikatia nzito, na juu ya kila springi nikaongeza pete za chuma ili ikazike. Safari iliyofuata pikipiki haikuinama. Mkoba ulikaa wima njia nzima. Lakini kwenye kila shimo nilimsikia mama akivuta pumzi kupitia meno. Tulipofika hospitalini alishindwa kushuka, nami sikuweza kumshika. Tulibaki pale langoni, yeye juu ya kiti, mimi nikiwa nimeshikilia usukani, mpaka muuguzi alipotoka akamteremsha.

Nikarudi nikatoa pete moja kila upande na kuchanganya oili. Wiki iliyofuata nikairudisha. Fundi wa pale Kiogoro, aliyekuwa akiniazima spana, akaanza kunicheka.

"Kila wiki unafungua shoki. Unataka pikipiki au unataka kitanda?"

"Kitanda," nikamjibu.

Hakucheka tena. Nilikuwa nikitafuta mahali pa katikati, ambapo mama hataumia wala hataaibika. Hapakuwapo. Kilichomfaa wiki moja kilimuumiza wiki iliyofuata, kwa sababu pikipiki ilikuwa ileile na mama hakuwa yuleyule. Nilifahamu hivyo mapema, nikaendelea tu kufungua bolti.

Siku ya mwisho daktari alisema apumzike nyumbani, tuwe tunamchukulia dawa za maumivu. Tukaanza kurudi. Juu ya mteremko unaoshuka kwake, mama akaniambia nisimame. Nilidhani anataka kupumzika. Akauondoa ule mkoba, akautundika begani.

"Nimechoka kukaa mbali," akasema. "Twende."

Kisha akanilalia mgongoni, uso na kifua. Alikuwa mwepesi kama sweta. Wiki ile nilikuwa nimekaza springi kupita kiasi, na pikipiki haikuinama hata kidogo tulipokuwa tukishuka. Alinijia mwenyewe. Nikatazama barabara.

Sasa haondoki kitandani. Mimi nimetoa pete zote na kutia oili nyepesi kuliko zote nilizopata. Pikipiki inateleza juu ya mawe vizuri sana, nayo haina wa kubeba.

Wewe, ukiwa na mgonjwa wako, usianze na spana. Mpakie, teremka naye mlima mmoja polepole, kisha simama umwulize anaumia wapi, na ungoje ajibu.