Vidole Vyote vya Mpiga Dramu

Mjomba wangu Orrin Haske alipiga dramu katika bendi ya Mvua ya Mawe tangu ilipoanzishwa, na muda wote huo alichelewa. Si kufika. Kufika alikuwa wa kwanza, maana mazoezi yalifanyika kwenye banda lake la trekta, na gari la bendi lilikuwa lake, lile la kubebea nguruwe. Alichelewa kupiga. Mashine ya kuvunia mahindi ilikuwa imemla vidole viwili vya mkono wa kushoto, basi kila pigo la mkono huo lilikuja nyuma kidogo, kama mzee anayeshuka ngazi. Sisi wa Tabor Creek tulijifunza kucheza hivyo hivyo. Mgeni kwenye dansi zetu ulimjua kwa miguu: alitangulia peke yake.

Kampuni moja ya santuri ya Chicago ikawaita kurekodi. Orrin akaendesha, akapiga nyimbo zote. Kisha Duane Pruitt, mwimbaji na rafiki yake wa tangu utoto, akamwambia sehemu yake imekwisha, arudi akavune, wao wanabaki kurekodi sauti za kuitikia. Orrin hakuuliza. Huku Nebraska, ukimtajia mtu mavuno, umemfukuza kwa heshima. Kwetu hata maziko hungoja mvua isimamishe mavuno.

Redio ilipoucheza wimbo mara ya kwanza, mji mzima tulikuwa baa kwa Lenora, Ijumaa ya samaki wa kukaanga. Orrin alivaa shati lake la harusi. Dramu zikalia safi, kama saa ya benki. Watu wakainuka kucheza, wakakanyagana. Wakaanza upya, wakagongana tena.

Bibi Ardis, mama yake, akaweka uma chini. "Huyo anayepiga ana vidole vyote," akasema.

Orrin akamgeukia Duane. "Ulijua lini?"

"Kampuni ilikuwa na mpigaji wake, ndugu yangu. Nilifanya kwa ajili yetu sote."

"Nimekuuliza lini."

"Kabla hatujaondoka."

"Kwa hiyo mlinichukua niwe dereva."

Duane akatazama samaki wake. Akasema kiti cha Orrin kipo palepale. Ila kwenye maonyesho ya wilaya watu wa kampuni watakuja, basi ajifunze kupiga kama yule wa kwenye santuri. Orrin akamaliza viazi vyake, akamsindikiza mama yake nyumbani.

Maonyesho yalipofika, Mvua ya Mawe walipanda jukwaani na yule mpigaji wa Chicago. Tulijaribu kucheza, Mungu shahidi, kisha tukasimama na mikono mifukoni kama tunasubiri basi. Duane akatoka jasho akitafuta uso mmoja wa kumsaidia.

Mjomba alikuwa upande wa pili, akiteremsha nguruwe wa mashindano kutoka kwenye gari lile lile. Nikamuuliza kama amewazoea abiria wapya.

"Hawa," akasema, "harufu yao unaisikia kabla hujawapakia."

Santuri ile anayo hadi leo. Jina lake limeandikwa nyuma ya jalada, kama mpiga dramu.