Mechi Isiyo na Timu ya Pili

Nakumbuka asubuhi moja ya mwaka wa sabini na mbili, mwanangu, askari alipita mtaani kwetu Rumonge akitangaza kuwa mchana kuna mechi, wachezaji wote wafike uwanjani na jezi zao.

Kapteni wetu alikuwa Yusufu, winga wa kushoto. Tulimwita Mukeke, kwa jinsi alivyowaponyoka mabeki kama samaki huyo wa ziwani anavyoponyoka mkononi. Siku ya uhuru alifunga mabao mawili, akabebwa mabegani hadi ufukweni. Klabu moja ya Bujumbura ikamchukua, ikampa na kazi ya bohari. Goti lilipovunjika, klabu ikamsahau na kazi ikaisha. Akarudi kupakia mapipa ya mawese na kutufundisha sisi vijana, na sheria yake ilikuwa moja: ukiitwa uwanjani unakwenda, hata ukiwa na msiba. Tulimpenda kupita kiasi.

Wiki ile watu walikuwa wanachukuliwa na askari majumbani na hawarudi. Basi mimi, kwa akili za ujana, nikaona mechi ni dalili ya amani. Nikaanza kufunga viatu. Shangazi yangu, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, akaziba mlango.

"Mupira unachezwaka na timu mbili," akasema. "Ile ingine iko wapi? Inatoka Minago? Inatoka Nyanza-Lac? Barabara si imefungwa?"

Yusufu akafika kunipitia. Shangazi akamuuliza vilevile. Yusufu akatazama njia ya uwanjani.

"Shangazi, batoto bashaenda uwanjani. Miye kapiteni, nitabaki namna gani?" Kisha akanigeukia. "Wewe baki. Golikipa iko mwingine."

Saa nane tukasikia risasi kutoka uwanjani, nyingi. Mimi na shangazi tulikimbia kupitia msitu wa Kigwena, tukapata mtumbwi wa kuvuka mpaka hadi Kigoma. Katika timu ile nimezeeka peke yangu.

Basi, mwanangu, ukiitwa kwa jina la kitu unachokipenda sana, hapo ndipo uulize zaidi. Nani anaita? Nani mwingine anakuja? Usione haya kuitwa mwoga. Na ukipewa uongozi, usiwafundishe watu kutii tu, wafundishe na kuuliza. Hilo Yusufu hakutufundisha, na mpaka leo namlilia.

Mungu akulinde ukitoka na ukirudi, akujalie mvi ambazo wenzangu hawakuzipata.