King'ora Kilicholia Uporoto

Karibu na ninapoishi sasa kuna zahanati, na nyuma ya uzio wake mama mmoja hukaanga vitunguu vya supu kila asubuhi. Nikipita hapo, harufu ya dawa ya kufutia sakafu ikikutana na ya vitunguu, papo hapo ninakuwa mtoto wa miaka tisa. Nimelala chali juu ya kitanda cha mbao kinachotikisika, na misitu ya mipaina ya Mafinga inapita dirishani.

Hivyo ndivyo gari letu lilivyonukia. Msinicheke, kwa kuwa gari hilo ndilo lilikuwa nyumba yetu likizo nzima.

Baba alikuwa fundi bodi pale Mlandege, Iringa. Watu walimletea magari yaliyogongwa barabara kuu, naye akayanyoosha kwa nyundo mpaka yakapata sura ya kuuzika. Siku moja akaja na gari la wagonjwa lililostaafu, refu, lenye paa la juu, alilolipata mnadani. Tukadhani ni la mteja. Akasema, "Hili ni nyumba. Tutatembea nalo, tuone nchi." Jirani yetu alimwuliza kwa upole kama amelala vizuri usiku uliopita.

Alipigilia vitanda vya mbao, akafunga jiko la gesi la plati mbili na dumu la maji lenye bomba. Alilipaka gari rangi ya bluu mara mbili, lakini ule mstari mwekundu wa ubavuni ukaendelea kuchungulia kama petikoti chini ya gauni. King'ora hakukitoa. Mama alimwomba akitoe, akajibu kwamba ni kizima na anakionea huruma, atakitoa tukirudi. Nayo dawa ya hospitali ilikuwa imezama kwenye sakafu. Jua likiwaka, harufu yake iliamka, ikajichanganya na chochote kilichokuwa jikoni.

Mama alikuwa mtoto wa wafanyabiashara ambao babu zao walitoka pwani, mwanamke wa maneno mengi, mwenye kicheko kilichosikika mpaka barabarani. Lakini mwaka ule alilazwa hospitali siku kadhaa, tukaambiwa ni malaria kali, na aliporudi kicheko hakikurudi naye. Alitupikia, akatuogesha, akatufunga vifungo vya sare za shule, lakini maneno yake yalibaki "kuleni" na "laleni" tu. Mimi na mdogo wangu Idi tulizoea. Watoto huzoea upesi kuliko mnavyofikiri.

Tulianzia Isimila, nje kidogo ya mji. Tuliteremka korongoni kwa miguu, tukatembea katikati ya nguzo za udongo zilizosimama kama watu warefu waliogombana wakaacha kusemezana. Baba alituonyesha mawe waliyochongea watu wa kale, akiyashika kwa heshima ya fundi anayeangalia kazi ya fundi mwenzake. Mama alibaki garini. Makambako tulilala kwenye uwanja wa kituo cha mafuta, upepo ukitikisa gari usiku kucha. Asubuhi tuliposhuka kuzunguka soko, Mama alibaki tena. Baba alimwita, "Mama Zuhura, njoo basi unyooshe miguu." Akajibu kwamba miguu yake imenyooka.

Tukapita Uyole penye magunia ya viazi kando ya barabara, tukakata kuelekea upande wa Tukuyu, hadi milima ya Uporoto, tukakunja kuingia njia ya udongo. Huko ukungu ulikaa chini kiasi kwamba mashamba ya pareto yalionekana kama yameanikwa juu ya wingu. Baba alitaka tuone ziwa la Ngozi, lililo ndani ya mlima. Gari liliishia penye msitu. Akatafuta mtu wa kutuongoza, baba mmoja wa makamo aitwaye Gwakisa, aliyetembea na panga na koti la mvua. Idi alikuwa na mafua, akabaki na Mama.

Tulipanda kwa shida. Matope yalinivua kiatu. Mwishoni mlima ulisimama wima, tukashika mizizi kwa mikono, huku Gwakisa akinisukuma kutoka nyuma na kuniambia, "Kaza, mwanangu, ziwa halihami." Tulipofika ukingoni nikachungulia. Chini, mbali sana, maji ya kijani yalikuwa yametulia, hayana mtumbwi wala mtu. Nilimshika Baba suruali. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kikubwa namna ile kilichonyamaza.

Ndipo tukasikia king'ora.

Kilitoka chini, msituni, kikipanda na kushuka. Baba aligeuka, na uso wake ukanitisha kuliko ule mteremko. Alinibeba mgongoni, mimi niliyekuwa msichana mkubwa, akashuka mlima kwa makalio, kwa magoti, kwa namna yoyote. King'ora kikakatika. Hapo ikawa vibaya zaidi.

Tulipotokea penye gari, watu walikuwa wamelizunguka, wanawake wengi wenye mablanketi mabegani, wengine wakilia. Baba alinishusha, akapenya katikati yao. Nami, nawaambia kweli, nilijua kwamba Mama amekufa. Nilijua kwa uhakika kabisa, na nikaanza kumlilia.

Kumbe Idi alichoka kukaa, akaingia kwenye kiti cha dereva na kubonyeza kila kilichobonyezeka. Nyumba za jirani zilikuwa na mwanamke aliyeshikwa na uchungu tangu jana yake, na barabara ilikuwa imeharibika, gari la kumchukua halikupatikana. Waliposikia king'ora wakambeba kwenye machela ya miti na blanketi, wakaja mbio.

Mama ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa amekunja mikono ya gauni hadi viwikoni, kanga ameifunga kiunoni. Kwenye kitanda changu alilala mwanamke nisiyemjua, akiuma ncha ya blanketi langu. Bibi mmoja, mama mkwe wake, alikuwa amepiga magoti sakafuni.

"Baba, tusaidie," bibi akamwambia Baba. "Tumesikia gari ya wagonjwa inalia, tumesema Mungu ameileta."

"Bibi, hii si gari ya..." Baba alianza. "Mama Zuhura, sisi si wauguzi. Akitufia humu?"

"Washa gari," Mama alisema.

"Na utelezi huu?"

"Nimesema washa gari, Baba Zuhura."

Sikuwa nimesikia sauti ile tangu malaria. Baba aliwasha gari.

Gwakisa alikaa mbele kuonyesha njia ya hospitali, Idi akiwa mapajani mwake, amenyamaza kwa hofu ya viboko. Mimi nilibanwa katikati, mgongo wangu ukielekea kijidirisha cha kioo kilichotutenganisha na nyuma. Nilikatazwa kugeuka. Niligeuka. Mpaka siku ile nilikuwa nikiamini kwamba watoto hununuliwa hospitali, kwa sababu ndivyo tulivyoambiwa, na nilikuwa nimeshajiuliza kwa nini watu hawachagui wazuri. Yale niliyoyaona kupitia kijidirisha kile yaliniacha mdomo wazi, na sikuyasimulia kwa mtu kwa miaka.

Mvua ilianza. Gari lilinasa mara moja, wale wanawake waliokuwa wakitufuata kwa mbio wakalisukuma, matope yakiwarukia usoni. Baba akawasha king'ora ili ng'ombe na baiskeli zitupishe. Tulikuwa tunateremka kona baada ya kona niliposikia ngumi zikipigwa kwenye kioo nyuma ya kichwa changu.

"Zima hicho kitu!" Mama alipiga kelele. "Kizime! Sisikii!"

Baba alizima king'ora, akazima na gari. Tukabaki katikati ya barabara, mvua ikigonga paa. Nikageuka. Mama alikuwa ameshika kitu cha rangi ya zambarau, chenye utelezi, akiondoa kitovu kilichokizunguka shingoni. Alikisafisha mdomo kwa kidole. Akakisugua mgongo kwa kanga yake, akakisugua tena kwa nguvu, nami nikafikiri anakiumiza.

"Lia," alikuwa akisema. "Lia, mama. Lia, lia."

Bibi aliacha hata kuomba.

Kikatoka kilio chembamba, kama cha paka aliyebanwa na mlango. Bibi akapiga kigelegele. Gwakisa akacheka, akambusu Idi kichwani. Na hapohapo Mama akaanza kulia, akalia kwa sauti kumshinda mtoto, kilio cha msibani. Nilipigwa na butwaa. Mtoto alikuwa mzima, mama yake alikuwa mzima, kila mtu alifurahi. Baba hakugeuka kumtazama. Aliegemeza paji la uso kwenye usukani, mabega yakimtikisika.

Hospitalini waliwapokea wote wawili. Bibi alimshika Mama mikono. "Ndaga fijo," akarudia kumshukuru kwa Kinyakyusa, mpaka muuguzi akamvuta ndani. Mama aliosha sakafu ya gari mwenyewe, akakaanga vitunguu, akala sahani nzima. Kisha akanigeukia. "Ziwa lilikuwaje?" Nikamweleza, na nilipofika pale Baba aliposhuka mlima kwa makalio, akacheka. Kicheko kilitoka kidogo, kimepauka, lakini kilitoka. Kesho yake alipanda Ngozi kwa miguu yake, akatutangulia.

Miaka mingi baadaye nilijifungua mtoto wangu wa kwanza, na Mama akaja kutoka Iringa kunilea. Asubuhi moja alikuwa akimwogesha mwanangu kwenye beseni, akaniambia, bila kuinua macho, kwamba ile haikuwa malaria.

"Alikuwa wa kiume," alisema. "Alitoka kimya. Baba yenu akaenda kumzika, akarudi, hakujua anifanyeje. Akanunua gari."

Nilimwuliza kwa nini hawakutuambia.

"Ningewaambia nini, Zuhura? Mimi mwenyewe nilikuwa bado namngoja alie."

Mwanangu alikuwa akipiga kelele, maji yamemwingia masikioni, miguu yake ikilirusha povu sakafuni. Nilinyanyuka nimchukue nimbembeleze. Mama alinizuia kwa kiwiko, akamwacha alie.