Mashine kwa Tata Mukubwa, Diski Kwetu

Mwaka mzima filamu zililala chini ya kitanda changu, na mashine ya kuziangalia ikalala chini ya kitambaa kwa tata mukubwa, avenue ya pili kutoka kwetu. Ningeweza kutupa jiwe kutoka nyumba moja hadi nyingine. Nililitupa kweli, siku moja ya hasira, na mwenye bati lililotobolewa alikuja kwetu na fimbo.

Tata, baba yangu, na kaka yake tata mukubwa, watu wawili wazima, wote wamebatizwa, wote wana masharubu, ndugu wa tumbo moja, kila mmoja amekalia kipande chake kama kuku juu ya yai bovu. Halafu mi ndiye niliyeambiwa sina adabu.

Ilianza pa kuondoka kwa muzungu mmoja, enjeniya wa mine ya shaba. Tata alikuwa karani wake pa biro. Tata mukubwa, kaka yake tata, alikuwa fundi wa magari yake. Siku ya kufunga masanduku muzungu aliwaita wote wawili barazani, akawaonyesha vitu vilivyobaki, akasema kila mtu achague kimoja, mukubwa aanze. Tata mukubwa akaona mashine nyeusi yenye vifungo vingi. Akaweka mkono juu yake kabla muzungu hajafunga mdomo. Ndivyo alivyo. Hata akija kula kwetu, firigisi ya kuku inampita tata pa pua na kwenda kwake, na tata anaisindikiza kwa macho.

Basi tata akachagua karto, boksi lililojaa diski. Hizi si kaseti za video ambazo kila mtu anazijua. Ni diski pana kama za muziki, ila zinang'aa pande zote mbili kama kioo, na ndani yake mna filamu, nusu upande huu, nusu upande ule. Bila mashine yake ni sahani tu. Na ile mashine bila diski ni sanduku la kuwekea vumbi la mabaki ya mine pale Kingamyambo. Tata alijua vizuri. Nilimwona njiani, karto imefungwa nyuma ya baiskeli, anajichekea.

"Tata, juu ya nini hukutwaa redio?" nilimuuliza.

"Acha tu. Atakuja yeye mwenyewe kuniomba."

Na kule kwake tata mukubwa alikuwa anasema, "Mudogo wangu ataleta. Mudogo ndiye anapelekea mukubwa. Mi siwezi kufuata sahani."

Mmoja hakuja, mwingine hakupeleka. Mashine ikawekwa juu ya kabati ya saloni, karibu na televizyo, ikavishwa kitambaa cheupe chenye maua ya uzi kilichoshonwa na mama mukubwa, mke wake, na juu ya kitambaa vazi, chombo cha maua ya plastiki. Wageni wakifika, kitambaa kinafunuliwa pembe moja, polepole, kama watu wanaochungulia mtoto mchanga. Wanatikisa kichwa. Kinafunikwa tena. Nilikuwa ninatamani kukichoma.

Mi nikaanza kuongeza karto. Wazungu walikuwa wanaondoka mmoja mmoja na hakuna aliyetaka diski zao. Boy wa mmoja alikuwa ananyoa ndevu akijitazama ndani ya filamu ya Wahindi. Nikampa kioo cha dada yangu, akanipa filamu, na dada yangu alinisaka na mwiko juma zima. Nyingine niliitoa juu ya ndoo ya maji ya mama mmoja wa mtaa wa Kasulo. Nilimtafutia kifuniko cha sufuria, sitasema wapi. Nikawa na za Wajapani, za Waitalia, na zile za zamani zisizo na rangi, ambazo waliocheza ndani yake pengine wote wako makaburini. Nilizipangusa kwa pamba, kutoka katikati kwenda nje, namna ilivyoandikwa. Nilisoma maganda yake ya karatasi hata Kijapani, yaani nilikitazama sana.

Pa shule rafiki yangu wa benchi moja alikuwa ananimaliza mbele ya watu.

"Huyu ni mutu wa kwanza mu Zaïre anayeangalia sinema na mugongo. Ile ya Wajapani inaishia namna gani?"

"Muzuri."

"Umejua wapi?"

"Ninalala juu yake kila siku."

Walicheka, na mi nikacheka.

Moja ndiyo ilinisumbua kuliko zote. Pa ganda lake kuna bibi mzee anayeburuta saa kubwa ya ukutani juu ya theluji, kwa kamba, peke yake. Hakuna nyumba. Hakuna mti. Nyuma kumeandikwa kwa lugha yenye viduara juu ya herufi. Anaipeleka wapi? Ni saa ya nani? Hakuna mtu Kolwezi aliyeweza kuniambia, na waliokuwa na uwezo wa kunionyesha walikuwa wanangojeana.

Halafu mama mukubwa akamwambia mama yangu sokoni kwamba bwana wake anataka kubadilisha ile mashine na friji. Nilisikia nikiwa nimebeba muhogo. Friji! Mashine ikienda, karto yangu inabaki vifuniko vya ndoo mpaka Yesu arudi.

Jumapili ile, kisha misa, niliingiza bibi na saa yake ndani ya shati, nikaenda.

Tata mukubwa alikuwa saloni ndani ya abakosti, koti lake la kanisa.

"Unatembea wima hivi juu ya nini? Umekula mubao?"

"Ni filamu, tata mukubwa."

Akatabasamu hadi meno ya nyuma. "Kumbe mudogo wangu amepata akili."

Ningesema hapana. Nilinyamaza. Kunyamaza si uongo, muulize padri. Yeye hakunyamaza. Alitoka barazani, akaambia jirani wa kuume na jirani wa kushoto, "Mudogo ameleta, mumesikia? Ameleta," kisha akarudi, akatoa vazi, akatoa kitambaa, akakaa mbele kabisa. Nikaingiza diski.

Na bibi akatembea. Mwaka mzima nilimwona amesimama, sasa anatembea, pumzi yake inatoka kama moshi. Aliingia juu ya ziwa lililoganda. Tata mukubwa akauliza kama ni simenti. Bibi akafika katikati, kitu kikatoa mlio chini ya miguu yake, akasimama, akaangalia chini. Televizyo ikawa bluu.

"Imekufa," mama mukubwa akasema.

"Hapana, mama. Inageuzwa, kama mukate mu mafuta."

Nikainuka, na pa mlango nikamkuta tata, na sapatu za nyumbani. Midomo ya avenue ilikuwa imefika kwetu kabla yangu.

"Nani alikutuma?" Aliniuliza mi, lakini macho yalikuwa kwa kaka yake.

"Mudogo, karibu. Ikala pa kiti."

"Sikukuja kuikala, yaya, mukubwa wangu. Nilikuja kutwaa kitu yangu."

"Iko mu mashine yangu. Omba tu, nitakutolea."

"Niombe kitu yangu?"

"Uombe mashine yangu."

Walikuwa wanaangaliana wao kwa wao. Nikafungua droo ya mashine, nikageuza diski, nikafunga, nikakaa chini karibu na kioo cha televizyo.

Na sasa wakanaswa. Tata kama anataka diski yake, lazima aguse kifungo cha kaka yake. Tata mukubwa kama anataka kumfukuza mudogo, lazima diski itoke, na ikitoka amerudisha. Kwa hiyo walisimama, mmoja pa mlango, mmoja pa kabati, wakigombana juu ya mbuzi wa kilio cha mama yao na pampu ya baiskeli ambayo haikurudi, na mi ninasoma Kifaransa kinachopita chini ya picha kwa sababu sisikii kitu.

Barafu ikapasuka. Saa ikazama nusu. Bibi akalala kifudifudi, kamba imezunguka mkono wake, inamvuta. Wakaacha mbuzi na pampu, wakageukia kioo.

"Aachilie," tata mukubwa akasema.

"Aachilie namna gani? Iko yake," tata akajibu.

"Itamuingiza mu maji."

"Imuingize."

Bibi aliitoa saa yake. Sijui alipata wapi nguvu. Akafika ng'ambo usiku, maji yanavuja ndani ya saa, akagonga mlango wa binti yake. Binti akafungua, akaiangalia, na maneno yakapita chini: *Sisi tuko na saa tayari.* Ikaisha.

Mama mukubwa alikuwa analia ndani ya kitambaa cha mashine. Tata alikuwa ameketi, sikumwona akiketi. Nikawaza, basi imekwisha, sasa watacheka, kesho ninaleta Wajapani.

Tata mukubwa akakohoa. "Sasa, zile zingine utaleta siku gani?"

Tata akainuka. "Utakuja kuzitwaa."

Akanitoa kwa sikio. Diski ikabaki ndani. Iko ndani hata leo, kwa sababu tata haombi na tata mukubwa harudishi. Friji haikuja: akiitoa mashine na kitu cha mudogo ndani yake, watu watasema mwizi, na kukitoa kwanza hataki. Ninaruhusiwa kwenda kila Jumapili kuangalia filamu, ile ile. Mama mukubwa sasa anasema maneno ya bibi kabla ya bibi mwenyewe. Na chini ya kitanda changu kuna dunia nzima ambayo haijawahi kutikisa hata kidole.

Nikirudi, tata anauliza nyuma ya gazeti lake, "Ile mashine iko muzuri?" Nikifika kule, tata mukubwa anafunga kifungo cha abakosti, "Zile diski wanazichunga muzuri?"

Juma lililopita nilijibu wote wawili neno moja: "Enda ujionee." Kofi la tata liliniingia kuume, la tata mukubwa kushoto. Hapo ndipo nilipojua kwamba wanaweza kufanya kitu kimoja pamoja.