Jibu la Baba Neema

Jamani, leo mume wangu kaniacha mdomo wazi.

Tulimpeleka mtoto wetu Neema, miaka mitano, shule moja hapa Majengo. Wanapima watoto kuona nani atapata shida ya kusoma baadaye.

Mwalimu akamuuliza, "Neno 'mama' linaanza na sauti gani?"
Mtoto akainama kuangalia viatu vyake.

Mwalimu akatugeukia: "Kwenu kuna aliyechelewa kujua kusoma?"
Nikawahi, "Hakuna!"

Baba Neema akasema taratibu, "Mimi. Nilijua kusoma nikiwa darasa la sita. Nilichapwa sana."

Miaka tisa ya ndoa, sikujua!

Mwalimu akasema kipimo si hukumu, ila tuanze kumsaidia mapema.

Sasa hivi wako mkekani wanasoma "ma, me, mi". Sauti ya baba ndiyo inayotetemeka.

Wazazi wenzangu, nyie mliwasaidiaje watoto wa hivi?